Mkojo wa damu usioumiza

Mvuvi wa Goziba, wilayani Muleba, anakojoa alfajiri na kuona mkojo una wekundu wa chai ya rangi. Haumwi popote. Kesho yake mkojo umerudi hali ya kawaida, naye anarudi ziwani. Hapo ndipo saratani ya kibofu cha mkojo inapowapiga watu chenga: damu yake mara nyingi haina maumivu, hukatika kwa siku au wiki kadhaa, kisha hurudi uvimbe ukiwa umekua.

Ukanda wa ziwa, lawama huangukia kichocho upesi. Lakini vichocho ni viwili. Kilichoenea kandokando ya Ziwa Victoria, Bukoba na Muleba zikiwemo, ni Schistosoma mansoni, kinachoshambulia utumbo na ini. Damu yake hutoka kwenye choo kikubwa. Kinachoharibu kibofu ni Schistosoma haematobium, ambacho konokono wanaokibeba hustawi zaidi kwenye malambo, madimbwi na majaruba ya mpunga, kama huko Shinyanga, na pia Unguja na Pemba. Mayai ya kichocho hiki hunasa katika ukuta wa kibofu na kuutia uvimbe wa miaka mingi, hadi seli zinabadilika. Mwaka 1994 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani ulimtaja mdudu huyo kuwa chanzo cha saratani kwa binadamu.

Kwa hiyo aliyekulia Usukumani akicheza majarubani, kisha akahamia Muleba, amwambie daktari historia hiyo. Na ambaye maisha yake yote ni ziwa tu asitulizwe haraka kwa neno kichocho.

Lakini sigara ndiyo kisababishi kikuu cha saratani hii duniani. Sumu za moshi huingia kwenye damu, figo huzichuja, kisha hukaa kibofuni saa nzima na zaidi zikisubiri haja.

Wanawake huchelewa kwa namna yao: damu hudhaniwa ni ya hedhi, au huitwa UTI na kutibiwa kwa antibiotiki, dozi baada ya dozi, bila mtu kuuliza kwa nini haikomi. Kukojoa mara kwa mara, mkojo kuchoma na maumivu chini ya kitovu navyo ni dalili, ingawa maradhi mepesi huzileta pia. Damu inayoonekana kwa macho, hata mara moja, inatosha kumpeleka mtu hospitali.

Huko hupimwa mkojo na ultrasaundi. Penye shaka, rufaa ya Kanda ya Ziwa ni Bugando, Mwanza. Kamera nyembamba hupitishwa kwenye njia ya mkojo, na kipande cha uvimbe hupelekwa maabara. Uvimbe ambao haujazama kwenye msuli wa kibofu hukwanguliwa kwa kupitia njia hiyohiyo, bila kupasua tumbo. Wagonjwa wengine huwekewa kibofuni BCG, ileile wanayochomwa watoto wachanga kuwakinga na kifua kikuu. Humo huuchokoza mwili upambane na saratani.

Kwa kawaida kamera hurudiwa baada ya miezi mitatu, kwa kuwa uvimbe huu mara nyingi huota tena hata ulipoondolewa wote.