Pampu ya Msikiti na Swichi ya Mbali: Yapasayo Kupangwa Kabla ya Kuiwasha

Katika misikiti mingi ya mkoa wetu wa Singida, upatikanaji wa maji ya udhu ni kazi ya kila siku. Mvua zetu ni za miezi michache, na maziwa mawili yaliyo jirani na mji, Singidani na Kindai, ni ya maji ya chumvi. Waumini huchimba kisima kirefu, hufunga pampu, na hununua umeme wa LUKU kwa fedha za sadaka. Kisha hutafutwa mtu wa kuamka kabla ya Alfajiri akaiwashe pampu, na huyohuyo hutakiwa akumbuke kuizima. Akisahau, tangi hufurika na uniti huteketea. Asipofika, watu husimama mbele ya mabomba makavu ilhali iqama imekaribia.

Hilo ndilo lililoifanya kamati yetu ikubali kufunga swichi inayoamrishwa kwa simu. Makatibu wa misikiti jirani wameniuliza namna ilivyopangwa, nami naona ni bora kuyaandika kuliko kuyarudia njiani.

Kifaa chenyewe huitwa rilei. Ndani yake mna koili ya waya ambayo, ikipitishwa umeme mdogo, hugeuka sumaku na kuvuta kipande cha chuma kinachounganisha njia ya umeme mkubwa. Asili yake ni ya zamani: Joseph Henry wa Marekani alikuwa nayo mwaka 1835, enzi za simu za maandishi. Kilichoongezwa zama hizi ni kibao kidogo chenye waifai, au chenye laini ya simu, kinachopokea amri kutoka mbali.

Kosa la kwanza ambalo mafundi wa haraka hulifanya ni kuiunganisha pampu moja kwa moja na rilei hiyo. Rilei ndogo za madukani huandikwa ampea 10. Pampu ya nguvu-farasi moja na nusu, kwa umeme wetu wa volti 230, hutumia takriban ampea 7 au 8 ikiwa imeshatulia, na mnunuzi huridhika kwamba hesabu imetimia. Lakini mota inapoanza kuzunguka huvuta mara tano au sita ya kiasi hicho kwa kitambo kifupi. Midomo ya rilei huungua kidogo kidogo, hatimaye hugandana, na hapo ukiiamuru pampu izimike simu itakuonyesha imezimika na kumbe inaendelea. Kwa hiyo rilei iwashe kontakta, na kontakta iliyopimwa kwa ajili ya mota ndiyo iibebe pampu. Waya wa kwenda kwenye kontakta ufungwe kwenye alama COM na NO za rilei, ili rilei ikikosa umeme njia iwe imekatika. Ukifungwa kwenye NC mambo hugeuka: rilei ikilala, pampu huamka.

Jambo la pili ni boya. Mtu aliye mbali halioni tangi wala kina cha kisima, nacho mwezi wa Septemba na Oktoba hushuka. Pampu ikizunguka bila maji huungua, na kuitoa chini ni gharama ambayo kapu la Ijumaa moja haliitoshi. Basi swichi ya boya ndani ya tangi, na kinga ya ukavu kisimani, zipitishwe kwenye waya uleule unaoamsha kontakta. Simu iombe, boya liruhusu. Wazo hili wala si geni kwa Waislamu: wana watatu wa Musa bin Shakir, waliokuwa Baghdad katika karne ya 9, walieleza mitambo ya maji iliyojifunga yenyewe, na al-Jazari, katika kitabu chake cha mwaka 1206, alichora chombo cha kutawadhia kilichofanya kazi kwa boya.

Ndipo tuje kwenye mipangilio ya mtandao. Vingi vya vifaa hivi hukubali waifai ya gigahezi 2.4 pekee, hivyo ruta iliyowekwa kwenye 5 haitaonekana, na fundi anaweza kupoteza asubuhi nzima akilaumu kifaa. Kikishaungana, kipewe anwani isiyobadilika ndani ya ruta. Kisha itafutwe sehemu inayouliza kifaa kifanye nini umeme ukirudi baada ya kukatika. Vingine hutoka kiwandani vikiwa vimepangwa kurudi katika hali vilivyokuwa nayo. Kwetu, ambako umeme hukatika na kurudi mara kwa mara, chagueni kibaki kimezimwa. Pawepo pia kipima muda: tangi letu hujaa kwa saa mbili, basi rilei hujizima baada ya saa mbili na nusu hata kama kila mtu amelala.

Neno la siri la kiwandani libadilishwe siku hiyohiyo. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka mamia ya maelfu ya kamera na ruta duniani kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani. Fundi akipendekeza kufungua mlango wa ruta ili rilei ifikiwe moja kwa moja kutoka popote, akataliwe.

Lililonitia hofu zaidi ni uhai wa mtu. Zamani aliyeiwasha pampu alisimama karibu nayo na kumwona fundi aliyeshika nyaya. Sasa mwenye simu anaweza kuwa safarini Dodoma, akakumbuka kwamba Ijumaa imekaribia, akabonyeza kwa nia njema. Rilei iliyozimwa haimlindi fundi. Pasiguswe chochote mpaka swichi kuu imekatwa, imefungwa kwa kufuli, na ufunguo uko mfukoni mwa huyo anayefanya kazi. Sisi tumeweka ukutani swichi ya nafasi tatu: mkono, zima, mtandao. Hiyo ya katikati huikata simu kabisa, na hata mzee asiyejua simu janja huweza kuitumia. Usiache kufunga waya wa athi kwa kuona ni gharama.

Wenye ruhusa ya kubonyeza ni wawili tu, muadhini na mweka hazina. Vijana waliomba waongezwe. Kamati ilikataa, kwani mali ya wakfu ikishikwa na wengi huwa haina wa kuulizwa. Akaunti imefunguliwa kwa baruapepe ya msikiti, na kwa wanaotumia rilei ya laini ya simu, laini isajiliwe kwa jina la taasisi. Katibu akihama na namba yake, pampu isihame naye. Neno la siri limeandikwa, likatiwa ndani ya bahasha iliyofungwa, na bahasha imo kabatini pamoja na hati ya kiwanja.