Rangi ya Bromini Imekwenda Wapi?

Mwanafunzi wa kemia akiulizwa atawezaje kuipambanua alkeni na alkani, hujibu upesi: tia maji ya bromini, rangi itatoweka. Jawabu hilo hupewa alama, wala hatuna ugomvi nalo. Ugomvi wetu ni juu ya kuliandika pasipo kupata kuiona rangi hiyo ikitoweka, kwa maana asiyeiona hawezi kujua ni wakati gani neno hilo humdanganya.

Bromini ilitangazwa mwaka 1826 na kijana Mfaransa, Antoine Balard, aliyeitoa katika maji ya chumvi huko Montpellier. Ikiyeyushwa majini huwa na rangi ya machungwa iliyoelekea hudhurungi. Alkeni nayo, kama vile etheni, ina atomi mbili za kaboni zilizoshikana kwa kifungo maradufu. Bromini ikikaribia, sehemu moja ya kifungo hicho hufunguka, na atomi moja ya bromini huzishika kaboni zote mbili kwa kitambo kidogo, kama walivyoeleza Roberts na Kimball mwaka 1937. Kisha kutoka upande wa pili huingia bromini nyingine, au maji. Vitabu vya shule aghalabu hutaja dibromoethani peke yake. Kumbe katika maji ya bromini, kwa kuwa maji ni mengi mno, kinachopatikana zaidi ni bromoethanoli. Yafaa mwalimu aseme hivyo waziwazi.

Sasa tutazame hila zake. Tikisa heksani, ambayo ni alkani, pamoja na maji ya bromini: maji ya chini yatafifia. Mwenye haraka ataandika kwamba rangi imetoweka. La, imehama tu! Tabaka la heksani lililo juu limeipokea bromini na kuwa na rangi yenyewe. Tena, neli hiyo ikiachwa juani, mwanga huivunja bromini, nayo ikaondoa hidrojeni katika alkani na kushika mahali pake. Rangi hupotea kweli, ingawa hapana kifungo maradufu hata kimoja. Kwa hiyo jaribio lifanywe kivulini, na tabaka zote mbili zitazamwe.

Wako pia waandikao kwamba maji “yamekuwa maangavu”. Chai ya rangi iliyochujwa vizuri ni angavu, na rangi inayo. Neno linalotakiwa ni “hayana rangi”.

Bromini huunguza ngozi na mvuke wake ni sumu. Basi mwalimu ndiye aishike, penye hewa ya kutosha. Achukue neli mbili, moja ya mafuta ya alizeti, moja ya mafuta ya nazi, zote kwa kiasi kimoja, adondoshe maji ya bromini na kutikisa, huku darasa likihesabu matone mpaka rangi ikatae kuondoka. Alizeti itameza matone mengi. Nazi, ambayo karibu sehemu tisa katika kumi za mafuta yake hazina kifungo maradufu, itashiba mapema.