Je, Wajua? Hifadhi ya Muda na Saa Isiyokwisha

Ukishuka kutoka Suji hadi Makanya na kusimama kando ya barabara kuu, basi la kaskazini litakupeleka Same, Moshi na Arusha. La kusini litakupeleka Korogwe, na hapo Handeni si mbali tena. Kila upande wa barabara hiyo kuna mahali ambapo watu waliokimbia kwao waliambiwa wakae kidogo, mambo yatulie, kisha warudi. Sisi wa milimani tumezoea kuyasikia haya redioni kama habari za Kigoma na Marekani. Kumbe yametuzunguka.

Je, wajua kwamba kambi moja kubwa ya wakimbizi iliyowahi kuwa kaskazini mwa nchi yetu ilikuwa ya Wazungu? Ni Tengeru, nje kidogo ya Arusha. Mwaka 1940 serikali ya Stalin iliwasomba raia wa Poland kutoka makwao na kuwapeleka Siberia na Kazakhstan. Walipoachiwa mwaka uliofuata walipitia Iran, na kuanzia 1942 Waingereza wakawaleta Afrika Mashariki. Tengeru ilipokea wapatao 5,000, wengi wao akina mama na watoto. Mpango ulikuwa wakae hadi vita viishe. Vita viliisha 1945, lakini Poland ikawa chini ya utawala ambao wengi wao waliuogopa, wakakataa kurudi. Kambi iliendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakaazi wake wakitawanyika kwenda Uingereza, Kanada na Australia. Makaburi yao yapo Tengeru hadi leo, na yanatunzwa. Wamo waliozikwa hapo wakiwa bado wanasubiri ruhusa ya kwenda mahali pengine.

Je, wajua kwamba mwaka 1979, ndani ya miezi miwili, barabara hii hii ilikuwa na mikutano miwili mikubwa kuhusu watu wasio na kwao? Machi mwaka huo Waganda waliomkimbia Idi Amin walikutana Moshi, wakaunda umoja wao na kumchagua Yusuf Lule awaongoze. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili, na siku mbili baadaye Lule akaapishwa kuwa rais. Mkimbizi wa Machi alikuwa mkuu wa nchi Aprili, ingawa hakudumu: aliondolewa baada ya siku 68. Mei ikawa zamu ya Arusha, ambako nchi za Afrika zilikutana kujadili hali ya wakimbizi wa bara zima.

Huko Arusha walikuwa wanaendeleza kazi iliyoanzia Addis Ababa, na hapa naomba msomaji avumilie kidogo sheria, kwa sababu inatuhusu kuliko tunavyodhani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1951 ulimtambua mkimbizi kuwa mtu anayeogopa kuteswa yeye kwa sababu ya rangi yake, dini yake, taifa lake, kundi lake au msimamo wake wa kisiasa. Ilibidi kila mmoja aeleze hofu yake. Tarehe 10 Septemba 1969 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaongeza jambo ambalo Ulaya haikuwa nalo: hata aliyekimbia kwa sababu utulivu wa nchi yake, au sehemu ya nchi yake, umevurugika vibaya, naye ni mkimbizi. Mama aliyekimbia risasi haulizwi kama risasi ile ilimlenga yeye. Mkataba huo una pia kifungu kinachosema wazi kwamba mkimbizi ambaye hajapata nchi ya kuishi anaweza kupewa ukaazi wa muda katika nchi ya kwanza alikojitambulisha kuwa mkimbizi, wakati mipango mingine ikitafutwa.

Wazo hilo lilisafiri mbali. Mwaka 1984 nchi za Amerika ya Kati, zikiwa na vita vyao, zilikutana Cartagena huko Kolombia na kuiga hatua ya Waafrika katika azimio lao. Miaka 35 baadaye, 2019, Brazil ilitumia sheria iliyotokana na azimio hilo kuwatambua Wavenezuela kwa maelfu, bila kumhoji mmoja mmoja. Tunapozungumzia haki tulizozipokea kutoka nje, tukumbuke na hii tuliyoipeleka sisi.

Je, wajua kwamba hifadhi ya muda ya Marekani haimpokei anayekimbia leo? Sheria hiyo ilisainiwa na Rais George H. W. Bush Novemba 1990. Serikali inaitaja nchi yenye vita au maafa, kisha inaweka tarehe. Raia wa nchi hiyo ambaye tayari yumo Marekani tarehe hiyo anaweza kuomba asirudishwe kwao na apewe kibali cha kufanya kazi. Aliyeko bado Mogadishu au Juba haimhusu. Muda wake ni miezi 6, 12 au 18, halafu unaangaliwa upya, na peke yake hauelekezi kwenye ukaazi wa kudumu. Somalia iliingizwa mwaka 1991, Rwanda 1994, Burundi 1997, Sudan Kusini 2011. Rwanda ilitolewa 1997, Burundi 2009. Ya Somalia iliongezwa tena na tena kwa zaidi ya miaka 30. Hebu mfikirie mtu anayepanga nyumba, anasomesha watoto, analipa kodi, na kila baada ya mwaka au mwaka na nusu anasubiri tangazo limwambie kama bado yupo kihalali.

Wapare tunaijua ndiva: maji ya mfereji yanakusanyika humo usiku, asubuhi yanafunguliwa yaende shambani kwa zamu. Hifadhi ya muda nayo imejengwa hivyo, izuie kwa usiku mmoja. Shida ni kwamba vita vya ukanda wetu havijawahi kwisha usiku mmoja.

Ulaya nayo ilikuwa na sheria yake ya hifadhi ya muda tangu Julai 2001, iliyoandikwa baada ya vita vya Bosnia na Kosovo. Ilikaa kabatini miaka 20 bila kutumika, wakati Wasyria wakifika kwa boti. Ikatolewa mara ya kwanza tarehe 4 Machi 2022 kwa ajili ya Waukraine, mamilioni yao, na tangu hapo imeongezwa muda. Wanafunzi wa Kiafrika waliokuwa wakisoma huko Ukraine, Watanzania wakiwemo, walikimbia mabomu yale yale kuelekea mipaka ile ile, lakini wenye vibali vya muda mfupi hawakuwa ndani ya ulinzi huo wa lazima. Kila nchi iliachiwa iamue. Hilo linaniuma kila ninapolisoma.

Je, wajua kwamba mwisho wa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 waliingia Tanzania kwa muda wa takriban saa 24? Walivuka daraja la Rusumo, juu ya Mto Kagera, wakitoka Rwanda. Hakuna ofisi duniani inayoweza kuhoji watu wengi kiasi hicho mmoja mmoja. Walinzi wetu wa mpakani waliwaamuru waache silaha darajani, na lundo la mapanga likakua kando ya barabara huku watu wakipita na magodoro, mikeka, masufuria na watoto mgongoni. Chini yao mto ulikuwa ukibeba maiti za waliouawa. Katika umati ule walikuwemo wanaokimbia kuuawa na walikuwemo waliokuwa wameua, na baadaye kambi ya Benaco, wilayani Ngara, ililazimika kuishi na wote wawili. Ndiyo maana siwalaumu upesi waliochoka kule Ngara: misitu ilikatwa, visima vikakauka. Desemba 1996 serikali iliwataka warudi, na wengi hawakuwa na hiari.

Sheria ya Wakimbizi ya 1998 ilimpa waziri uwezo wa kulitangaza kundi zima kuwa wakimbizi kupitia Gazeti la Serikali. Warundi walitambuliwa hivyo hadi Januari 2017, utaratibu huo ulipofutwa na kila mmoja akatakiwa kujieleza peke yake. Katikati ya hapo ikaja Sera ya Taifa ya Wakimbizi ya 2003, iliyozungumzia kuwapokea watu kwa mwaka mmoja huku mipango ya kuwarudisha sehemu salama za kwao ikifanywa. Wakati sera hiyo inaandikwa, kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma ilikuwa na miaka saba tayari, tangu 1996.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Je, wajua kwamba Tanzania iliwahi kulitekeleza hilo neno kwa neno? Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipelekwa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakapewa ardhi na majembe. Walifyeka pori la miombo, wakalima mahindi, mihogo, maharage na tumbaku, na katikati ya miaka ya 1980 misaada ya nje ikaweza kupunguzwa kwa sababu walijilisha. Wanyarwanda takriban 36,000 waliokuja kabla yao walifunguliwa mlango wa uraia mwaka 1980, na 1983 Mwalimu Nyerere akatunukiwa Nishani ya Nansen kwa kuwatumikia wakimbizi. Kwa Warundi wa 1972 ilichukua muda zaidi: Oktoba 2014 ndipo 162,156 kati yao walipotangazwa kuwa raia. Waliosubiri mambo yatulie walikuwa wamekaa miaka 42.

Tusidhani sisi ni wapokeaji tu. Baada ya mauaji ya Januari 2001 Zanzibar, watu zaidi ya 2,000, wengi wao kutoka Pemba, walipanda majahazi na kuvuka hadi Shimoni, pwani ya Kenya. Walikuwa wakimbizi wa Kitanzania. Kenya iliwapokea na baadaye kuwahamishia Dadaab. Baada ya muafaka wa Oktoba mwaka huo kati ya vyama vya CCM na CUF wengi walikuwa radhi kurudi, lakini wachache waliona haiwezekani, na kati ya hao wamo waliokwenda kuishi Mogadishu, mji ambao wenyewe walikuwa wanaukimbia.

Na Handeni? Huko walikuja wageni ambao hawakuwa wageni. Wakati wa biashara ya utumwa, katika karne ya 19, Wazigua walichukuliwa hadi bonde la Mto Juba, Somalia. Walitoroka, wakajenga vijiji msituni, na lugha yao hawakuiacha. Vita vya 1991 vilipowafikia, baadhi walipanda vyombo hadi Tanga na kuomba hifadhi kwa Kizigua. Walikaa kambi ya Mkuyu, kisha Chogo kuanzia 2003, na wengi wao wakapewa uraia.

Jambo la mwisho ni la watoto. Sheria ya Uraia ya 1995, kifungu cha 5, inasema aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano ni raia, isipokuwa baba yake awe balozi wa nchi ya kigeni, au mzazi wake awe adui. Mkimbizi hakutajwa. Ofisini, hata hivyo, huulizwa kama mzazi mmoja ni Mtanzania, na jibu likiwa hapana, maombi yanaishia hapo. Aliyezaliwa Nyarugusu mwaka 1997 huenda sasa ana watoto wake mwenyewe. Kongo anaijua kwa kusimuliwa, na akitaka kutoka nje ya kambi lazima aombe kibali.