Virusi vya Ukimwi na Upungufu wa Chembe Sahani

Mwaka 1982, kabla virusi vya Ukimwi havijagunduliwa, matabibu wa New York walieleza habari za wanaume ambao chembe sahani za damu yao, ndizo zizibazo mishipa iliyochanika, zilikuwa zimepungua kupita kiasi, hali iletayo muhina wa pua, damu ya fizi na vidoa vyekundu ngozini. Mtu mwenye siha huwa na chembe hizo baina ya 150,000 na 450,000 katika kila mikrolita ya damu. Zikishuka chini ya 30,000 tabibu huona haja ya dawa, na chini ya 10,000 huhofiwa damu kuvuja ubongoni.

Virusi vya Ukimwi huzipunguza chembe hizo kwa njia mbili. Ndani ya uboho wa mifupa zimo seli kubwa zikatikazo vipande vikawa chembe sahani, nazo zina mlango uleule wa CD4 ambao virusi hupitia kuingia katika seli za kinga. Zikiisha kuambukizwa, mazao yake hupungua. Tena mwili, katika kupambana na maradhi, hutengeneza kingamwili ambazo, kwa kuwa kipande cha kirusi chashabihiana na protini ya chembe sahani, huzishambulia chembe hizo pia, na bandama ikaziangamiza kabla ya wakati wake.

Linalonistaajabisha mno ni habari ya zidovudine, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987, ijulikanayo kwa kudhoofisha uboho na kuleta upungufu wa damu, ambayo hata hivyo watafiti wa Uswisi walithibitisha mwaka 1988 kuwa huongeza chembe sahani. Hapo ilidhihirika kwamba tiba ya msingi ni kukizuia kirusi chenyewe. Na hata leo, baada ya malaria, kifua kikuu, homa ya ini na athari za dawa nyingine kuchunguzwa, dawa za kufubaza virusi ndizo hutangulia, na mgonjwa akiziacha chembe huweza kushuka tena.

Lakini dawa hizo huhitaji majuma kadhaa, na damu inayotoka haingoji. Basi mgonjwa hupewa dawa ya steroidi iitwayo prednisolone kwa muda mfupi, maana ikirefushwa hudhoofisha kinga iliyokwisha kudhoofika, au kingamwili za kutiwa mshipani, zipandishazo hesabu ndani ya siku chache. Kukata bandama ni shauri la mwisho. Muda wote huo aspirini huepukwa, na sindano za msulini pia.