Kukata Matini Kuwa Maneno na Kuyakabidhi kwa Vigeu

Kwa kompyuta, matini yoyote, iwe jina la mtu au utenzi mzima, ni mfuatano wa alama zilizopangwa moja baada ya nyingine, na nafasi tupu iliyo kati ya maneno mawili ni alama kama zilivyo herufi. Kwa sababu hiyo, mwandishi wa programu hulazimika kuiambia kompyuta ni alama ipi ihesabiwe kuwa kitenganishi, yaani mahali pa kukata, kisha vipande vinavyopatikana huvikabidhi kwa vigeu, ambavyo ni majina yanayoshikilia thamani ili iweze kuitwa tena baadaye. Katika Python, lugha iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, kazi hiyo yote huenea katika mstari mmoja:

kwanza, kati, ukoo = jina.split()

Mabano yakiachwa wazi, nafasi zinazofuatana huhesabiwa kuwa moja. Yakiwekwa nafasi moja kama kitenganishi, kila nafasi ya ziada huzaa kipande kitupu, na hapo ndipo wanafunzi wengi hukwama.

Kukata ni kazi nyepesi. Uzito uko katika idadi ya vipande. Mstari huo ukipewa jina la Shaaban Robert, hupatikana vipande viwili ilhali vigeu ni vitatu, na Python hutangaza kosa na kusimamisha programu. Amri ya read katika mifumo ya Unix ina desturi tofauti, kwani kigeu kilichokosa fungu huachwa kitupu, na vipande vikizidi, kigeu cha mwisho hubeba masalio yote. Ukali wa Python ni bora zaidi, kwa kuwa kosa linalotangazwa hurekebishwa mapema.

Kosa la hatari ni lile lisilotangazwa. Jina la Siti binti Saad, mwimbaji mashuhuri wa taarabu wa Zanzibar, hutoa vipande vitatu kamili, vigeu vyote vitatu hujaa, na programu huendelea bila kulalamika huku neno “binti” likiwa limehifadhiwa kama jina la kati. Idadi imetimia, lakini maana imepotea, kwa sababu nafasi huonyesha tu mahali mwandishi aliponyanyua kalamu. Hata neno “sitakuambia”, ambalo kwa kompyuta ni kipande kimoja, limebeba ukanushi, mtenda, wakati ujao, mtendwa na tendo, mambo ambayo Kiingereza huyagawa katika maneno matano.

Kwa hiyo inafaa waandishi wa programu zinazosajili watu walihifadhi jina zima katika kigeu kimoja, kama mwenyewe alivyoliandika, na ukataji wauache kwa matini ambayo mpangilio wake unajulikana kwa hakika, kama tarehe yenye siku, mwezi na mwaka.