Fahamu: Kwa nini regetoni hupanda na kushuka redioni Marekani

Novemba 2004, kituo cha redio KLOL cha Houston, kilichopiga roki tangu 1970, kiligeuka ghafla kuwa Mega 101, kikirusha regetoni na hip hop ya Kilatino. Wimbo wa regetoni "Gasolina" wa Daddy Yankee ulikuwa umeanza kuwaka, na wenye redio waliwataka vijana wa Kilatino waliozaliwa Marekani, kwani matangazo ya biashara hufuata vijana.

Miaka michache baadaye, vituo kadhaa viliitupa regetoni. Muziki haukuwa na kosa. Texas na California zina wasikilizaji wengi wenye asili ya Meksiko, ilhali regetoni ilikulia Puerto Rico. Kuwahesabu Walatino wote kuwa kundi moja ni kuwadharau.

Wimbo "Despacito" uliurudisha mdundo wa regetoni mwaka 2017. Kisha zamu ikawa ya muziki wa Meksiko: mwaka 2023, mwimbaji Peso Pluma wa Meksiko aliingiza korido, mtindo wa nyimbo za Kimeksiko, katika kumi bora za chati ya Billboard.