Masomo ya Bure kwa Intaneti: Juu ya Nini Wengi Wanaachia Njiani?



Wengi wenu mmetuuliza juu ya habari ya kusoma universite kwa simu bila kulipa minervali. Ni kweli ama ni udanganyifu? Sisi wa darasa la mwisho tumeona vema kuieleza, sababu karibu tutatoka hapa, na kati yetu kuna wengi wasio na mtu wa kuwalipia.

Ni kweli. Mwaka 2011 walimu wawili wa Marekani, Sebastian Thrun na Peter Norvig, walifungulia watu wote somo lao la Stanford juu ya mashine zenye akili. Watu karibu 160.000 wakajiandikisha. Mwaka 2012 zikazaliwa Coursera na edX. Mwaka 2013 Ufaransa nao ukafungua FUN, ambayo inafundisha kwa Kifaransa, lugha ya madaftari yetu. Mwalimu anaonekana katika filamu fupi, kisha unafanya mazoezi, na mashine inasahihisha palepale.

Sasa tuangalie hesabu. Somo la kwanza la edX lilitoka MIT, lilikuwa la umeme. Walioandikwa walikuwa karibu 155.000, walioshinda 7.157. Hawafiki 5 katika 100! Hatusemi wengine wote ni wavivu. Kuna waliotaka kuchungulia tu. Lakini mtu anunue mega za siku moja, filamu mbili zizimalize, tena kura ikatike mbele ya mtihani, huyo naye tumwite mvivu?

Katika wale walioshinda alikuwamo Battushig Myanganbayar, kijana wa miaka 15 wa Mongolia, ambaye hakukosa hata alama moja. MIT ikampokea baadaye. Habari yake inasimuliwa sana, lakini wanasahau nusu yake. Mkuu wa shule yake alikuwa amesoma MIT, naye ndiye aliyeleta somo lile shuleni. Mwalimu mwingine akatoka Stanford na vyombo vya kufanyia majaribio. Wanafunzi walisoma pamoja, na Battushig mwenyewe aliwatengenezea wenzake filamu za kueleza mambo magumu kwa lugha yao. Basi intaneti ilileta somo, lakini watu walikuwa pale kando.

Tena neno "bure" lina mipaka. Zamani aliyeshinda alipata cheti bila malipo. edX iliacha vyeti vile mwishoni mwa 2015, na sasa mara nyingi kusoma ni bure, cheti kinalipwa, tena kwa karata ya benki. Nani kwetu yuko nayo?

Sisi wanne tumeanza somo moja la hesabu, kwa Kifaransa. Simu ni moja. Mmoja anasikiliza, mwingine anaandika ubaoni, tunabishana. Tuko juma la tatu, na pale tumekwama kidogo. Anayetaka kuingia aje Jumamosi kisha chakula, na daftari lake.